Taji kwenye bereti: kisa cha beji ya gwaride katika shule moja ya Ilemela

Fundi darizi mmoja wa Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, alirudisha oda aliyokwisha kuipokea. Ilikuwa oda nono: beji za bereti kwa kikosi kizima, alama za mabegani kwa viongozi wake, na tepe za mikono. Ilitoka katika shule moja ya sekondari iliyoko wilaya ya Ilemela, ambayo ilikuwa imeunda kikosi cha gwaride cha wanafunzi, wavulana kwa wasichana, ikakiita kadeti, jina la vikosi vya wanafunzi wanaopewa mafunzo ya kijeshi. Mahafali ya kidato cha nne yalikuwa yamekaribia na mgeni rasmi amekwisha kualikwa. Mwalimu mlezi wa kikosi akadhani fundi anatafuta nyongeza ya bei.

"Hapana, mwalimu," fundi alimwambia. "Hela yako haina tatizo. Ila nyota hizi tatu siwezi kumshonea mtoto wa shule. Siku wakija kuniuliza nani kanipa kibali, nitawajibu nini?"

Fundi huyohuyo ndiye aliyemwelekeza mwalimu kwangu, kwa kuwa nachora nembo za shule, vikundi na timu za mpira, na kazi zangu nyingi hushonwa kwake. Shule imeniruhusu kusimulia kisa hiki bila kuitaja jina. Nakisimulia kwa kirefu kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kosa ninaloliona katika beji za vikosi vya shule zetu, na kwa sababu watu wa shule hii walikaa chini wakafikiri hadi mwisho, jambo ambalo ni nadra. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anavyoendelea: alama iliyo juu ya sare humweleza anayeitazama kwamba aliyeivaa anawajibika kwa nani. Uzuri wake huja baada ya hapo.

Mchoro uliokuja

Mchoro wenyewe ulipendeza. Simba wawili waliosimama kwa miguu ya nyuma walikuwa wameshika ngao. Ndani ya ngao kulikuwa na panga mbili za kijeshi zilizopishana, juu yake taji, pembeni shada la majani ya mloreli, na chini utepe wenye maneno ya Kilatini ambayo hakuna mtu pale shuleni aliyeweza kuyaeleza. Mkuu wa shule alikuwa ameukuta mtandaoni, ni wa kikosi cha kadeti cha shule ya ng'ambo. Yeye alibadilisha jina la shule tu.

Nilianza na taji kwa sababu ndilo lililobeba uzito wote. Uingereza, ambako shule kama Rossall zilianzisha vikosi vya kadeti mwaka 1860 wakati nchi ikihofia uvamizi wa Wafaransa, taji kwenye beji ya mwanafunzi linasema jambo la kweli. Vikosi hivyo leo vinaitwa Combined Cadet Force, jina walilopewa mwaka 1948, na vinadhaminiwa na Wizara ya Ulinzi. Juu ya wizara hiyo na majeshi yake yupo mfalme. Taji linamfuata mfalme huyo kwa karibu mno kiasi kwamba Malkia Elizabeth II alipofariki Septemba 2022, mrithi wake, Charles III, alichagua umbo jingine. Taji la Mtakatifu Edward, lililotumika kwenye alama za utawala wa mama yake, likaanza kupisha taji la Tudor, na beji, vifungo na alama za vyeo zikaanza kubadilishwa moja baada ya nyingine. Mtoto wa Ilemela angevaa alama ambayo umbo lake huamuliwa na mtu aliye London.

Tanganyika iliachana na taji tarehe 9 Desemba 1962, ilipokuwa jamhuri. India ilifanya hivyo Januari 1950, na hatua zao zinafaa kuangaliwa kwa sababu wao waliendelea na kadeti wa shule. Mabegani mwa maafisa wa jeshi, taji liliondolewa, wakawekwa simba wa nguzo ya mfalme Ashoka, ambao ndio nembo ya taifa hilo. Kwa wanafunzi walianzisha National Cadet Corps mwaka 1948. Beji yake ina herufi za jina hilo katikati, zimezungukwa na shada la maua 17 ya yungiyungi, na kila ua ni kurugenzi moja ya kikosi hicho. Nyuma yake kuna rangi tatu: nyekundu kwa jeshi la nchi kavu, bluu iliyokoza kwa jeshi la majini, na bluu ya anga kwa jeshi la anga. Mtu akiuliza kwa nini maua ni 17 na si 20, jibu lipo. Huo ndio uchoraji wa beji ninaouheshimu.

Nilimwonyesha mkuu wa shule mifano hiyo miwili pamoja. Ni mtu mwenye msimamo na alikuwa ameupenda mchoro wake, lakini alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Basi taji litoke." Hakuhitaji hotuba.

Simba walitoka kwa njia nyingine kabisa. Wanafunzi wenyewe walimwambia mwalimu mlezi kwamba nusu ya kikosi ni Yanga na hawatavaa simba mbele ya shule nzima. Kuna watu wazima waliolichukulia kama utoto. Mimi sikulichukulia hivyo. Simba katika ngao za Ulaya ni ushujaa wa ukoo wa kifalme. Simba katika uwanja wa shule Tanzania ni klabu ya Msimbazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na beji ya kikosi kinachotakiwa kutembea hatua moja haipaswi kukigawa kabla hakijaanza kutembea.

Panga zilizopishana ziliondoka bila ubishi. Ni alama ya watu waliofunzwa kupigana, na watoto hawa hawakufunzwa hilo wala hawatarajiwi kufunzwa.

Pendekezo la Bibi na Bwana

Taji lilipotoka, makamu mkuu wa shule alipendekeza pengo lake lizibwe na Nembo ya Taifa, ile tunayoiita Bibi na Bwana. Ni pendekezo la mtu anayeipenda nchi yake, na kwa juu juu linafanana na walichofanya Wahindi. Lakini wao waliiweka nembo ya taifa mabegani mwa maafisa wa jeshi la taifa, tena kwa uamuzi wa serikali. Shule si chombo cha namna hiyo. Kwetu kuna Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inayoweka masharti ya matumizi ya alama hizo, na hata kama isingekuwepo, ningelipinga kwa sababu ya heshima ya nembo yenyewe.

Itazame vizuri. Juu ya ngao kuna mwenge unaowaka, kisha bendera, kisha sehemu nyekundu ya udongo wa Afrika, kisha mawimbi ya bluu na nyeupe. Jembe na shoka vimepishana, mkuki umesimama. Ngao imekaa juu ya Mlima Kilimanjaro, imeshikwa na mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu. Miguuni mwa mwanamume kuna mkarafuu, miguuni mwa mwanamke kuna mpamba. Chini, Uhuru na Umoja. Yote hayo yanabeba nchi nzima, na yalichorwa yaonekane ukutani, kwenye noti na juu ya nyaraka. Wazee wengi wanamkumbuka Francis Kanyasu, maarufu kama Ngosha, aliyefariki mwaka 2017, kuwa ndiye aliyeichora, ingawa wapo wengine wanaotajwa. Ukiibana kazi hiyo kwenye sentimita sita za uzi juu ya bereti, Bibi na Bwana wanageuka vidoa viwili vya kahawia. Niliwaonyesha jaribio lililoshonwa kwa ukubwa huo, bila nia ya kulitumia, na makamu mwenyewe akaliondoa mezani.

Kitu kimoja katika nembo hiyo kilibaki kichwani mwangu, nacho ni mpamba. Nitaurudia.

Nyota na tepe

Hapa fundi wa Makoroboi alikuwa amewatangulia wasomi wote. Nyota moja begani ni luteni usu, mbili ni luteni, tatu ni kapteni. Tepe mbili mkononi ni koplo, tatu ni sajenti. Kiranja wa kidato cha tatu alikuwa ameandaliwa nyota tatu kwa kuwa yeye ndiye kiongozi wa kikosi. Juu ya hayo shule ilitaka suruali za mabaka.

Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo kuyasalimisha. Tangazo hilo lilisikika nchi nzima, na kila fundi wa sare anayejitambua analikumbuka. Kanuni ya Adhabu nayo inakataza raia kuvaa sare za majeshi bila idhini. Fikiria mwanafunzi anayeshuka daladala stendi ya Buzuruga jioni, amevaa suruali ya mabaka na nyota tatu. Atakayemsimamisha hana sababu ya kujua kwamba kuna mahafali. Shule haiwezi kumpeleka mtoto katika hali hiyo halafu iseme ilikuwa pambo.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ni nzito kuliko hofu ya kukamatwa. Kijana anayehitimu Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli hupata nyota yake ya kwanza baada ya mafunzo magumu, na hutunukiwa kamisheni kwa mamlaka ya Rais. Nyota yake ina mtu aliyempa na watu atakaowajibika kwao. Tukimvika mwanafunzi nyota tatu kwa sababu ana sauti nzuri ya kutoa amri, tunampa alama isiyo na aliyeitoa, na tunamfundisha kwamba vyeo hushonwa dukani. Sitaki mtoto yeyote ajifunze hivyo.

Basi tuwape viongozi wa kikosi alama gani? Watajulikanaje? Skauti walilijibu swali hilo zamani. Kiongozi wa kikundi chao kidogo kwa desturi hubeba mistari miwili myeupe ya wima kwenye mfuko wa shati, na msaidizi wake mmoja. Mistari hiyo haifanani na tepe ya jeshi lolote, kwa sababu tepe huwa na umbo la V, ncha chini kwa Waingereza na sisi tuliorithi mtindo wao, ncha juu kwa Wamarekani. Sikutaka tuige mistari ya Skauti, kwani shule ina kundi la Skauti pia na wangechanganywa. Tulichukua wimbi. Wimbi moja la uzi mweupe kwenye mkono wa shati, chini kidogo ya bega, kwa msaidizi wa safu. Mawimbi mawili kwa kiongozi wa safu. Matatu kwa kiongozi wa kikosi. Mabega yakaachwa wazi kwa ajili ya kifupi cha jina la shule. Suruali za mabaka zilifutwa, na kikosi kitavaa sare ya kawaida ya shule iliyopigwa pasi vizuri, soksi ndefu na viatu vilivyong'arishwa.

Jina la kadeti nalo likaachwa. Sasa ni Kikosi cha Gwaride, na hakuna aliyelalamika.

Samaki gani?

Sehemu hii ndiyo iliyochukua muda mrefu, na ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwalimu mlezi alikubali ombi langu kwamba wanafunzi wachore wenyewe kitu kitakachokaa katikati ya beji. Nilitaka kitu ambacho mvaaji anaweza kukieleza kwa mgeni bila kusoma karatasi. Michoro ilikuja mingi na karibu yote ilikuwa na ziwa.

Wengi walichora sangara. Kwa mtoto wa Mwanza hilo linaeleweka: sangara ni viwanda vya minofu, ni ajira ya shangazi, ni ada ya shule. Mwanafunzi mmoja wa kike akasimama akasema kwamba sangara anakula wenzake. Mwalimu wa biolojia akaongezea. Sangara aliletwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alipozidi katika miaka ya 1980, mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu, waliokuwa hapa tu duniani, walipungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Samaki huyo anafaa sana mezani na sokoni Mwaloni. Juu ya beji ya kikosi kinachofundishwa kutembea pamoja bila kumkanyaga mwenzake, anasema kinyume.

Basi sato, wakasema wengine. Mwalimu wa biolojia akasema kwamba hata sato tunayemla kila siku aliletwa, pia miaka ya 1950. Mwenyeji wa ziwa hili ni ngege, ambaye sasa ni adimu. Darasa lilishangaa, na mimi nilishangaa pamoja nao kwa namna lilivyoamka. Ngege alipata watetezi wengi kwa sababu hiyohiyo, kwamba ni wa hapa na anahitaji kutetewa. Tatizo lake lilikuwa la uzi. Katika sentimita sita, ngege, sato na samaki wa kwenye kopo ni umbo moja. Alama inayotegemea maelezo ya mwalimu wa biolojia ili itofautishwe na nyingine haijakamilika.

Furukombe naye alikuja, akiwa amekunjua mabawa. Ni ndege wa kupendeza na umbo lake linasomeka kwa mbali. Lakini yumo tayari kwenye nembo za Zambia, Namibia na Sudan Kusini, na ukimkunjulia mabawa juu ya bereti anakurudisha kwenye jeshi la anga. Kulikuwa na nanga, ambayo ikizungushiwa kamba ni alama ya zamani ya jeshi la majini la Uingereza, na isipozungushiwa kamba bado ni ya mabaharia. Kulikuwa na daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, zuri kwa mistari yake, lakini ni jipya mno na lina jina la aliyekuwa Rais, John Magufuli. Beji ya watoto ikae mbali na majina ya viongozi.

Mchoro mmoja ulikuwa wa meli. Aliyeuchora hakuwa amezaliwa tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama ikiwa imekaribia Mwanza. Mwalimu mmoja wa makamo aliutazama mchoro huo akaurudisha kwa upole, akasema Igoma kuna makaburi ya waliokufa siku ile, na kwamba yeye hawezi kusimama kwenye gwaride akaangalia meli kwenye beji za watoto. Hakuna aliyebishana naye. Alama hufika na kumbukumbu za wanaoitazama, na mchoraji anayewaza kuhusu wavaaji peke yao anafanya nusu ya kazi.

Kilichobaki kilikuwa jiwe juu ya jiwe. Michoro kadhaa ilikuwa nayo, mingine ikiwa Jiwe la Bismarck waziwazi. Lile jiwe ni uso wa jiji letu na nalipenda, lakini jina lake ni la kansela wa Ujerumani wa enzi za ukoloni, na lina umbo linalojulikana kiasi kwamba kila hoteli na kila fulana ya watalii inalo. Tulikubaliana tusichore jiwe lenye jina. Mawe yaliyopandana yako kila mahali huku: Mabatini, Bugarika, Igogo, nyuma ya bweni la wavulana la shule hiyohiyo. Nyumba zetu zimejengwa kati yake. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyachora matatu, kubwa chini, la kati limelalia upande, dogo juu, yakitokea majini. Ukilipaka umbo hilo lote rangi moja nyeusi bado unajua ni Mwanza. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza kwa nembo yoyote.

Mara mjumbe wa bodi akasema mawe matatu yawe nidhamu, elimu na umoja. Nilikataa, na hapa nilikuwa mkali kuliko sehemu nyingine yoyote. Maana inayobandikwa baada ya mchoro kumalizika huanguka haraka, kwa sababu hakuna kinacholifunga jiwe la kati na elimu. Kesho mjumbe mwingine atasema ni heshima. Wanaojua kufanya hivyo hufunga namba na kitu halisi. Nyota mbili kwenye nembo ya Skauti duniani zina ncha tano kila moja, jumla kumi, kwa sababu sheria za Skauti ni kumi. Petali tatu za ua lake ni sehemu tatu za ahadi. Na kamba imefungwa kwa fundo ambalo kila Skauti hulifunga kwa mikono yake. Huko maana imeshonwa pamoja na umbo. Kwetu, mawe ni mawe ya mahali tunapoishi, na hilo linatosha.

Mpamba ukarudi wakati wa kuamua shada. Mloreli ni mti wa washindi wa Ugiriki na Roma ya kale, hauoti Kisesa. Pamba ndiyo iliyosomesha babu na bibi za wanafunzi hawa, na ndiyo iliyofikia hadhi ya kukaa kwenye Nembo ya Taifa. Kitawi cha mpamba kina faida ya kiufundi pia: vitumba vyake vilivyopasuka ni miduara myeupe inayoshonwa vizuri sana. Mtu aliuliza kama hatutarudi kwenye mpira, kwa kuwa Mwanza ina timu ya Pamba, TP Lindanda. Wanafunzi walicheka wakasema hiyo ni ya wote. Tuliweka vitawi viwili vinavyokutana chini, juu pakaachwa wazi pale taji lilipokuwa limekaa.

Rangi na uzi

Rangi za shule ni damu ya mzee na bluu iliyokoza. Mchoro wa kwanza wa mawe ulikuwa wa kijivu cheusi juu ya bluu iliyokoza, na kwenye skrini ya simu ulipendeza. Tuliuchapa, tukaubandika kwenye ubao mwisho mmoja wa uwanja wa gwaride, tukasimama alipopangiwa mgeni rasmi. Hapakuonekana kitu, doa tu.

Wachora ngao wa zamani walikuwa na kanuni moja ya kukwepa hilo. Waligawa rangi makundi mawili: dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, kundi la kwanza; nyekundu, bluu, kijani, nyeusi na zambarau, kundi la pili. Kitu cha kundi moja hakikai juu ya kitu cha kundi hilohilo. Haikuwa anasa. Ngao ilipaswa kutambulika katika vumbi la vita. Tunayo kanuni hiyo juu ya mlingoti wa kila shule bila kuitambua: bendera ya Tanzania, iliyopitishwa mwaka 1964, ina mstari mweusi unaopita kati ya kijani na bluu, rangi tatu nzito zote. Kinachoziokoa ni mistari miwili myembamba ya njano inayoutenganisha mweusi na nyingine. Ifute mistari hiyo kichwani, uone bendera inavyozama. Bendera ya Kenya hufanya hivyohivyo kwa mistari myeupe.

Kwa hiyo mawe yakawa meupe juu ya damu ya mzee. Chini yake mawimbi mawili ya bluu, kila moja limezungukwa na mstari mweupe ili bluu isigusane na damu ya mzee. Vitumba vya pamba vyeupe, majani yake ya njano badala ya kijani. Niliulizwa kama majani ya njano si uongo. Kwenye beji, rangi inalinda umbo kwanza.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya fundi, na mimi nilimsikiliza. Mstari mwembamba chini ya milimita moja unapotea au unakatika baada ya kufuliwa. Herufi chini ya milimita tano hazisomeki. Jina kamili la shule lingehitaji kuzunguka beji nzima kwa herufi za milimita tatu, kwa hiyo halikuingia. Kilatini kilikwisha kuondoka, na tuliposhindwa kukubaliana juu ya kaulimbiu ya Kiswahili, niliwashawishi waache maneno kabisa. Mkuu wa shule hakufurahi. Alitaka jina lionekane, na ni haki yake. Ndiyo maana kifupi cha shule kilipelekwa mabegani, ambako kuna nafasi ya herufi kubwa za sentimita moja na nusu. Nafikiri hapo alipata zaidi ya alichopoteza.

Mahali pa kuivaa

Beji ya bereti kwa desturi hukaa juu ya jicho la kushoto. Sehemu kubwa ya wasichana wa kikosi hiki huvaa hijabu. Pendekezo la kwanza lilikuwa wao wapige gwaride bila bereti, beji waibandike kwenye hijabu. Mama mmoja wa kamati ya wazazi aliuliza swali ambalo lilimaliza mjadala: "Mwanangu atasalimiwa kwa beji iliyopinda shingoni, na mwenzake kwa iliyonyooka kichwani?" Beji ikashuka kwenye mkono wa kulia, mahali pamoja kwa wote, mwenye bereti na mwenye hijabu. Mfuko wa kushoto ulikuwa tayari na nembo ya shule na sikutaka nembo mbili zikae bega kwa bega. Mkononi pia inaonekana vizuri zaidi wakati mkono unapopanda kwa saluti.

Fundi aliipokea oda mpya siku hiyohiyo.

Kilichoandikwa na kilichobaki

Kwa ushauri wangu shule iliandika maelezo ya beji kwa maneno, yamekaa kwenye faili la ofisi pamoja na mchoro. Yanasema hivi: mduara wa damu ya mzee wenye pindo la njano; mawe matatu meupe yaliyopandana, kubwa chini, yakitoka katika mawimbi mawili ya bluu yenye kingo nyeupe; vitawi viwili vya mpamba vya njano vyenye vitumba vyeupe, vikikutana chini na kuachana juu; bila maandishi. Wachora ngao wa Ulaya wamefanya hivyo kwa karne nyingi, maneno kwanza, mchoro baadaye, kwa sababu mchoro ukipotea fundi yeyote anaweza kuufufua kutoka kwenye maneno. Faida kwetu ni nyingine zaidi. Mkuu wa shule ajaye akitaka kuongeza mwenge, simba au picha ya kiongozi, atalazimika kufuta sentensi iliyopitishwa na bodi, na hapo watu watamuuliza sababu.

Kuna kasoro moja. Uzi mweupe unachafuka haraka kwa vumbi la uwanja, na baada ya wiki chache za mazoezi mawe yalikuwa yamepata rangi ya udongo. Oda ijayo tumekubaliana uzi wa fedha wa kung'aa kidogo, ambao fundi anasema huficha vumbi, ila ni ghali.

Na kuna jambo ambalo halijaamuliwa. Mkuu wa shule anataka beji zirudishwe mwanafunzi anapomaliza kidato cha nne, kwa kuwa ni mali ya kikosi. Wanafunzi wanataka kuondoka nazo. Nimemwandikia maoni yangu: tepe za wimbi zirudi, kwa sababu cheo ni cha kikosi na kinasubiri mwingine, beji ibaki kwa aliyeivaa. Bodi itakaa tena kabla ya muhula kufungwa.